Karema na Vyombo Vyake: Miaka 140 ya Misheni Ufukweni mwa Tanganyika

Mgeni anayeteremka Karema kutoka Mpanda huonyeshwa ngome kwanza, kisha kanisa, kisha kaburi la Adrian Atiman, tabibu na katekista. Tangu 2022 huonyeshwa na bandari pia. Ni sawa kabisa, maana hiyo ndiyo Karema ya vitabuni. Lakini hapo katikati, kati ya kanisa na gati, pana mchanga, na juu ya mchanga kuna mitumbwi na maboti ya mbao. Huo sijaona mtu akiuandikia kumbukumbu. Misheni ya Karema ilitimiza miaka 140 mwaka 2025, na katika miaka yote hiyo haikuwahi kuishi siku moja bila chombo kidogo cha mbao kilichoundwa ufukweni kwa bei ambayo mtu wa ufukweni aliimudu. Basi sherehe hii tuiadhimishe kwa upande wa mchanga.

Kabla jina la Karema halijasikika Ulaya, ziwa lilikuwa na vyombo vya namna mbili. Cha kwanza ni mtumbwi wa gogo. Magogo makubwa ya mvule yalipatikana milima ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi, na mitumbwi iliyochongwa huko ndiyo iliyovushwa kuja kuuzwa Ujiji. Cha pili ni chombo cha tanga cha Waarabu na Waswahili, watu waliofika na biashara ya pembe na ya watumwa, na vyombo hivyo vilikuwa adimu mno. Machi 1858 John Hanning Speke alivuka kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge kwenda kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim jahazi lake. Alirudi mikono mitupu, na yeye na mwenzake Richard Burton wakaishia kupanda mitumbwi kwenda Uvira. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alipata vyombo viwili hapo Ujiji, akavibandika majina ya Betsy na Pickle, akashuka navyo ufukwe wa mashariki, ambao sehemu yake leo ni ya mkoa wa Katavi, akazunguka kusini mwa ziwa hadi akauona mto Lukuga mwezi Mei. Miaka miwili baadaye Henry Morton Stanley alikuja na mashua yake mwenyewe, Lady Alice, iliyoundwa Teddington, Uingereza, kwa vipande vya kubebeka mabegani. Alilizunguka ziwa lote kwa siku 51.

Tangu hapo kukawa na njia mbili za kupata chombo Tanganyika: kukileta kwa vipande kutoka Ulaya kwa fedha nyingi na migongo mingi, au kumwendea fundi. Wageni walipenda njia ya kwanza. Kila walipokwama waliirudia ya pili.

Karema yenyewe ilianza kwa kukwama. Agosti 1879 Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na Chama cha Kimataifa cha Afrika cha Mfalme Leopold II, alianza kujenga kituo hapo. Kazi ya kituo ilikuwa kuwapokea wasafiri wa kizungu na kuwa ngazi ya kuingilia Kongo. Shida kubwa ilikuwa mizigo. Kila shehena ilitoka Bagamoyo kwa kichwa cha mpagazi, na wapagazi waligharimu, walichoka, walitoroka. Wakubwa wa Brussels wakapata wazo la tembo. Mwaka huohuo wa 1879 tembo wanne wa India walishushwa karibu na Dar es Salaam, wakaanza safari ya bara chini ya Frederick Carter. Walikufa njiani mmoja baada ya mwingine, akabaki Pulmalla peke yake, tembo jike. Alifika Karema Desemba 1879, naye hakudumu. Carter alipokuwa akirudi pwani mwaka uliofuata, yeye na mwenzake Cadenhead waliuawa Mpimbwe, Juni 1880, katika mapigano yaliyohusisha majeshi ya mtemi Mirambo. Mpimbwe leo ni halmashauri ndani ya mkoa huu, na nadhani wanafunzi wengi wa shule zake hawajawahi kuambiwa kwamba mradi wa tembo wa mfalme wa Ubelgiji ulifia kwao.

Kisa hiki cha tembo hupendwa kwa kuwa kinachekesha. Ninachokiona mimi ndani yake ni watu waliojenga ukingoni mwa maji yenye urefu wa kilomita zaidi ya 600, halafu wakaendelea kuwaza nchi kavu.

Ziwa nalo likawafanyia lake. Hadi 1878 maji ya Tanganyika yalikuwa yamepanda kwa miaka mingi, kisha yakaubomoa mlango wa Lukuga upande wa magharibi na kuanza kushuka. Yalishuka kiasi cha mita kumi hivi ndani ya miaka isiyofika ishirini. Ngome iliyojengwa karibu na maji ikajikuta imeachwa, na mbele yake tope na matete. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapo 1880, aliandika kwa kejeli juu ya mahali palipochaguliwa. Alikuwa na haki kuhusu tope. Lakini ufukwe unaosogea ni hasara kwa mwenye gati la mawe. Mwenye mtumbwi husogea nao. Hata leo maji yakipanda, kama yalivyopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 na tena miaka hii ya karibuni, anayeumia kwanza ni mwenye jengo.

Kituo kilikuwa na chombo chake cha matanga, Strauch, kilichopewa jina la Kanali Maximilien Strauch, katibu mkuu wa chama kile cha Leopold. Kapteni Émile Storms, aliyeiongoza Karema tangu 1882, alihitaji kuvuka mara kwa mara, kwa kuwa Mei 1883 alianzisha kituo cha pili ng'ambo, Mpala. Habari za Storms hazifai kupakwa sukari katika makala ya sherehe. Desemba 1884 watu wake walimwua Lusinga, mtawala wa Watabwa, wakamkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji, ambako limehifadhiwa hadi karne hii. Tanga lililovusha barua na mbegu za bustani lilivusha pia bunduki. Anayetaka kuvisifu vyombo vya Karema na akubali kuwa mzigo wake haukuwa mwema siku zote.

Mwaka 1885 Leopold, ambaye sasa macho yake yote yalikuwa kwenye mto Kongo, aliwaachia wamisionari Wakatoliki wa Mapadre Weupe vituo vyote viwili, Karema na Mpala. Hapo ndipo tunapohesabia miaka 140. Mapadre walikuwa ziwani tangu 1879, na tayari walikuwa wamepoteza watu: mwaka 1881 wenzao watatu waliuawa Rumonge, Burundi ya leo. Misheni zao zilikaa pande zote mbili za maji, na Kibanga ilikuwa upande wa Kongo. Kwa hiyo wilaya yao ya kitume haikuwa nchi yenye ziwa pembeni, ilikuwa ziwa lenye nchi pembeni. Padre aliyeugua Mpala alipata msaada kwa kuvushwa, na askofu aliyetaka kukagua parokia zake alipanda chombo.

Mwaka 1889 hivi aliwasili Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa na kuuzwa akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa udaktari kisiwani Malta. Alifanya kazi Karema hadi kifo chake mwaka 1956, miaka zaidi ya 65 akitibu watu mahali pamoja, chini ya Wajerumani na chini ya Waingereza. Askofu Adolphe Lechaptois aliongoza vikarieti, yaani wilaya ya kitume, kuanzia 1891 hadi alipofariki hapohapo Karema 1917. Wawili hawa wana makaburi na vitabu. Wapiga makasia waliowaletea wagonjwa hawana.

Wakati Karema ikianza hivyo, Waprotestanti wa Chama cha Kimisionari cha London walikuwa wakijaribu njia ile ya Ulaya. Robert Arthington, tajiri bahili wa Leeds aliyejinyima yeye ili awape wamisionari, alitoa pauni 5,000 misheni ianzishwe Tanganyika. Baharia wao, Edward Coode Hore, alifika Ujiji Agosti 1878. Chombo chake cha kwanza alikipata hapohapo: gogo lililochongwa, likaongezewa mbao ubavuni, likatiwa tanga. Alikiita Calabash, na mwaka 1880 alikwenda nacho hadi kusini mwa ziwa. Kisha zikaja fedha na heshima. Mashua ya chuma, Morning Star, ilitoka pwani ya Saadani vipande vipande juu ya mikokoteni na kufika ziwani 1883. Baada yake ikaja meli ya mvuke Good News, iliyopitishwa Zambezi, Shire, Ziwa Nyasa, kisha nchi kavu hadi kusini mwa Tanganyika. Ilishushwa majini Machi 1885. Injinia wake, James Roxburgh, alifariki mwaka huohuo, na meli ikatumia matanga kwa muda mrefu kabla mashine haijakamilika. Hebu fikiria: meli ya mvuke iliyozunguka nusu ya dunia, ikafika Tanganyika na kufanya kazi ya jahazi.

Calabash ndicho chombo ninachokitaka katika sherehe hii, kwa kuwa ndicho baba wa vyote vinavyolala mchangani Karema. Ufundi wake ni ndoa ya mabara mawili. Chini ni mtumbwi wa ziwa, gogo moja lililochimbwa kwa shoka na tezo. Juu ni elimu ya pwani: mbao zilizopandishwa ubavuni, mataruma ndani ya kuzishika, kalafati ya pamba katika maungo, mlingoti, foromali, tanga la pembe tatu. Fundi wa pwani alikuja na misafara, akakuta maji matamu na upepo wa namna nyingine, akaunganisha alichokijua na alichokikuta.

Polepole gogo lenyewe likapungua. Mti wa kutoa mtumbwi mkubwa huchukua umri wa watu watatu kukua, na ukishakatwa hakuna wa kuusubiri mwingine. Kwa hiyo chombo kikawa cha mbao kuanzia mkukuni, na hapo misitu ya miombo iliyoko nyuma ya Karema, kuelekea Mpanda, ikawa na thamani mpya. Mninga ni mgumu, haupindi ovyo unapokauka, huvumilia maji na hauchoshi tezo. Fundi hana mchoro wa karatasi. Hupima kwa shubiri, dhiraa na pima, na umbo la chombo limo katika jicho lake. Huanza na mkuku, husimamisha omo na tezi, kisha hupandisha mbao. Kijana anayejifunza hupewa kwanza kazi ya kalafati, kazi inayoonekana ya kitoto mpaka chombo kivuje.

Bei ya chombo cha namna hii ni nafuu kwa sababu zinazoeleweka na kila mtu wa ufukweni. Mbao ziko karibu. Zana hazizidi mzigo wa mtu mmoja. Aliyekiunda anakaa kijiji kimoja na anayekitumia, na ubao ukioza huondolewa huo tu ukawekwa mwingine. Malipo yanaweza kusubiri dagaa wa mwezi ujao. Hakuna meli iliyowahi kuletwa ziwani kwa vipande yenye sifa hata mbili kati ya hizo.

Tanga lilikuwa na masharti yake. Wakati wa kiangazi, Mei hadi Septemba, kusi huvuma kwa nguvu juu ya ziwa, na chombo kinachotoka Karema kwenda Ujiji hupelekwa na upepo tezini. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Kubisha dhidi ya kusi kwa chombo kidogo, kwenye ukuta wa milima ya Mahale ambako ghuba za kukimbilia ni chache, ni kujitakia balaa, kwa hiyo watu walisubiri usiku ziwa lilale, wakapiga makasia wakiambaa pwani. Stanley aliandika kwamba mabaharia wanaopita mlima Kabogo walitupa shanga na nguo majini ili ziwa liwapishe. Mtu asicheke mpaka awe amepita hapo kwa mtumbwi Julai.

Kwingineko duniani chombo kidogo cha tanga cha bei nafuu kilizaa viwanda. Mwaka 1945 marafiki wawili wa mji wa Waterbury, Marekani, Alexander Bryan na Cortlandt Heyniger, walianzisha kampuni ya Alcort. Waliunda ubao mwembamba wenye tanga, Sailfish, wakauza na vipande vyake ili mnunuzi ajiunganishie nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakatoa Sunfish, yenye nafasi ya kuingiza miguu, na tangu hapo zimetengenezwa zaidi ya 200,000. Tanga la Sunfish ni la pembe tatu, limefungwa kwenye foromali, na fundi yeyote wa Ujiji angelitambua. Mwaka 1969 kampuni ilinunuliwa na AMF, shirika kubwa la viwanda.

Kwa nini basi Karema, yenye mbao, maji, mafundi na wateja, haikupata Alcort yake? Jibu la haraka ni umaskini, nami silikubali. Waterbury iliuza mchezo wa Jumapili, chombo cha namna moja kwa watu wasiojuana na aliyekiunda. Karema iliuza riziki, na kila mteja alikuwa na haja yake: huyu mtumbwi wa dagaa, yule chombo cha kuvushia mahindi Kongo. Misheni ingeweza kufungua karakana kubwa. Mabruda walijua useremala na waliufundisha. Lakini mbao za misheni zilikwenda kwenye paa, milango na viti vya kanisa, na chombo kikaachwa kwa watu wa ufukweni, ambao hawakuhitaji kufundishwa.

Halafu ikaja reli. Waingereza waliijenga kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, wakaimaliza 1950. Hawakuijenga kwa ajili ya ziwa wala kwa ajili ya wakulima. Ilifuata madini ya risasi ya kampuni ya Uruwira. Mgodi ulifungwa 1960, reli ikabaki, na mji wa Mpanda ukabaki nayo. Kwa Karema mambo yaligeuka: sasa mbao za mninga zilikuwa na behewa la kuzipeleka Tabora na Dar es Salaam, na mnunuzi wa mjini alilipa zaidi ya mvuvi. Kanisa nalo lilihama. Jimbo lililoitwa Karema mwaka 1953 likabadilishwa jina kuwa Sumbawanga 1969, makao yakiwa kule nyanda za juu. Jimbo la Mpanda likazaliwa mwaka 2000, na mkoa wa Katavi ukamegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Karema, iliyokuwa mama, ikawa kijiji cha mwisho wa barabara.

Ziwani kulikuwa na Liemba. Kila mtu anaijua habari yake: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafungwa kwenye masanduku, ikaunganishwa Kigoma, ikashushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, Waingereza wakaiinua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Kisichotajwa sana ni jinsi ilivyohudumia vituo visivyo na gati, Karema na Ikola vikiwamo. Meli ilipiga honi, ikasimama kwenye kina, na kutoka ufukweni yakaja maboti na mitumbwi kushindania abiria. Mama mwenye mtoto mgongoni alishuka kwa ngazi ya kamba akapokewa na mikono ya watu chini. Magunia ya dagaa yalipanda kwa njia hiyohiyo. Kwa miaka karibu tisini meli maarufu kuliko zote za maziwa makuu ilitegemea, kila ilipofika Karema, vyombo ambavyo havina jina ubavuni.

Injini za kufunga nyuma zikaliteremsha tanga. Yamaha haingoji kusi itulie. Tanga lenyewe mtu angelishona kutoka turubai au mifuko ya nailoni, lakini petroli hununuliwa kila safari, na hapo ndipo unafuu wa zamani ulipoanza kupungua. Ubao wa chombo ulibaki uleule. Umbo lilibadilika kidogo tu, tezi ikakatwa bapa ili ishike mashine.

Bandari mpya ya Karema ilianza kazi 2022, ikakusudiwa kwa shehena za Kongo, na mipango ya kuifikisha reli hapo imetajwa mara nyingi. Kigoma, pale Katabe, Serikali imepanga kiwanda cha kujengea meli kubwa. Tangu 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, uvuvi husimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili dagaa na migebuka wazaliane. Miezi hiyo mitatu vyombo hupandishwa nchi kavu. Ni njaa kwa mvuvi, ila ndiyo nafasi ya fundi: mbao mbovu hung'olewa, kalafati hurudiwa.

Wanaomsumbua fundi huyo sasa ni wawili, na wote wana sababu zao. Mkaguzi wa vyombo vidogo anataka usajili na maboya ya kujiokolea, jambo ambalo aliyewahi kuzika waliozama hawezi kulipinga. Wakala wa Misitu anataka kibali cha kila gogo la mninga, na misitu ya Katavi inajieleza yenyewe kwa nini. Lakini kibali kina gharama moja kwa mfanyabiashara wa mbao wa Dar es Salaam na kwa mtu wa Karema anayetaka mbao za chombo kimoja. Kama Jimbo la Mpanda na Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika wanataka zawadi ya kuipa misheni kwa miaka yake 140, pamoja na misa na bamba la ukutani, nadhani wangeanza na ombi hilo: mgawo mdogo wa mninga kwa ajili ya vyombo vya ziwani, upimwe na kuandikwa, utolewe ufukweni kwa bei ya mvuvi.